Ng'ombe Mmoja wa Ukutani

Juzi nililoweka udongo mweupe kwenye beseni nikatoka kwenda dukani. Niliporudi, chumba kizima kilikuwa kinanuka kwetu. Ninyi wenzangu mliokulia kwenye nyumba za kusiriba mnaijua harufu hiyo. Ni mvua ya kwanza, ila imeingia ndani ya nyumba na kukaa kitako. Nilisimama mlangoni na mfuko wangu wa mikate nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kazi yangu ni kuchora. Kuna michoro yangu inayotulia, ile ya kuta za saluni, ya zahanati, ya madarasa ya watoto wadogo, na siku hizi ya kwenye turubai, ambayo watu wanaitundika sebuleni na kuniita msanii. Na kuna inayotembea. Hiyo naifanya kwa udongo juu ya kioo, na simu nimeifunga kwenye nondo inaangalia chini. Nasogeza mguu wa mbuzi kidogo, napiga picha. Nasogeza tena kidogo, napiga tena. Nikishinda hivyo kutwa, jioni ninaye mbuzi aliyevuka barabara. Mama mwenye nyumba wangu hapa Kibondo aliwahi kuchungulia dirishani akaniuliza, "Binti, yaani wewe unakula kwa kuchezea tope?" Nikamwambia, "Ndiyo mama, na leo nimekula wali."

Sasa harufu ya lile beseni ilinirudisha Kasulu, nyumbani kwetu pembeni mwa mji, kwenye ukuta wetu uliotazama njia.

Baba alikuwa ameuzungushia uwanja wetu ua wa mabanzi, yale maganda ya magogo ambayo wapasua mbao wanayatupa. Kwa kuwa hayakutosha, aliyasimamisha yakiachiana, kila baada ya banzi kuna mwanya wa kupenya vidole tu. Mbele ya ua ilipita njia inayoteremka, na nyuma ya ua, karibu kabisa, ulisimama ukuta mrefu wa nyumba. Ukuta huo ulikuwa ubao wangu. Shuleni nilikuwa mtu wa kawaida sana, hesabu zilinishinda na Kiswahili changu kilikuwa bado kimevaa Kiha, lakini nyumbani nilikuwa na kipande cha mkaa, na Bibi hakunigombeza.

Siku moja nilikuwa namchora kuku anayedonoa. Shingo ilinikataa. Nikamchora pembeni yake mwingine, shingo imeinama zaidi, akanikataa naye. Nikachora wa tatu, wa nne, hadi mkaa ukaisha. Kesho yake dada yangu Joselina alinipakia kwenye keria ya baiskeli ya Baba, tunapeleka mahindi mashineni. Joselina alikuwa mwendeshaji wa fujo. Tulipoanza kushuka kando ya ua wetu, upepo unapiga masikio, nikageuza uso kuangalia nyumbani, na kupitia ile mianya nikamwona kuku wangu akidonoa. Kichwa chini, kichwa juu, chini tena.

"Dada! Dada simama! Kuku yuko hai!"

"Kuku gani?"

"Wa ukutani!"

"We mtoto, ukinirukia-rukia hapo nyuma tutaanguka na unga hatujasaga!"

Lakini alikuwa Joselina, kwa hiyo tuliporudi kutoka mashineni alikubali tupande tena na tushuke tena. Tukashuka mpaka magoti yakamlegea. Yeye alikuwa anaangalia njia, hakumwona kuku vizuri, ila aliniamini. Tangu hapo nikaanza kuchora kwa akili. Niligundua kwamba kila mwanya lazima upate picha yake, na kila picha ipishane na mwenzake kidogo tu, na baiskeli lazima iende mbio. Ikienda polepole, mchezo umekufa. Unaona kuku wengi wajinga wamepanga foleni.

Basi, ndipo zikaanza habari za kijiji cha Titye.

Nilimsikia Mama akimwambia jirani jikoni, "Jumapili wanakuja wa Titye kuzungumzia ng'ombe, ndiyo mambo ya Joselina hayo." Sikuelewa vizuri, nikamfuata Bibi nyuma ya nyumba alikokuwa anapura maharage.

"Bibi, wa Titye wanataka nini?"

"Wanataka Joselina awe wa kwao. Watatupa ng'ombe."

"Kwa nini watupe ng'ombe?"

"Kwani sisi tunaye?" Bibi alikuwa anatania, alikuwa mtu wa utani hata kwenye msiba. Mimi sikucheka. Niliangalia banda letu, nikaona mbuzi na kuku tu. Nikaelewa, kwa akili yangu ya meno ya mbele yaliyong'oka, kwamba familia isiyo na ng'ombe ndiyo inayotoa dada. Wenye ng'ombe wao wanabaki na dada zao. Nikawahesabu majirani kichwani nikaona kweli, yule mwenye mazizi mtoni ana mabinti watatu na wote wapo!

Nililia kidogo kwenye migomba, nikajifuta. Kisha nikapata dawa.

Jumamosi wanawake wa nyumba yetu walisiriba ukuta wote upya kwa udongo mweupe kwa ajili ya wageni. Jumapili asubuhi wote wakaenda kanisani, mimi nikasema tumbo linauma. Nikachukua mkaa na udongo mwekundu nikamchora ng'ombe. Pembe ndefu, nundu, mkia wenye kishungi. Nikamchora kwenye kila mwanya, kuanzia juu ya njia hadi chini, mguu huu mbele, mguu huu nyuma, kichwa kinashuka, kinapanda. Ng'ombe mmoja, anatembea kuingia kwetu. Nilikuwa na sababu yangu. Ng'ombe aliyesimama mtu angesema ni picha. Anayetembea ni ng'ombe. Wageni wangeshuka mbio na baiskeli zao, wangechungulia uani, wangemwona, wangesema, "Ah, hawa wanaye tayari," na wangegeuza.

Wa nyumbani walirudi kutoka kanisani, wageni wakiwa hawako mbali nyuma yao. Mama aliuona ukuta, akashika kichwa. "Yesu wangu! Nani kafanya hivi?" Baba akamnong'oneza, "Acha, acha, watu hao hapo." Nikakimbilia kwenye ua kuwaangalia wanavyoshuka.

Walikuwa watatu. Mbele alikuwa mshenga, Mzee Bitaliho, mtu mpana mwenye koti la kijivu na kofia, na nyuma yake baba wadogo wawili wa Filbert. Filbert ndiye mwenyewe mchumba, seremala, na siku hiyo alibaki kwao kama inavyotakiwa. Walifika pale njia inapoanza kuteremka, na pale wote watatu wakashuka kwenye baiskeli.

Hilo sikulifikiria. Kwetu huwezi kuingia ukweni umepanda baiskeli, hata kama unakimbizwa na mvua. Unashuka mbali, unashika usukani, unaisukuma taratibu kwa heshima. Nilikuwa najua hivyo, kila mtoto anajua, ila sikuunganisha. Kwa hiyo walikuja polepole kama maandamano ya Ijumaa Kuu, wakiangalia mwanya baada ya mwanya, na nikaona kidole cha Mzee Bitaliho kikigonga usukani. Alikuwa anahesabu.

Waliingia, wakasalimia. "Mwakeye!" Wakapewa viti. Mimi nikajificha chini ya dirisha.

"Tumeona ukuta," alisema Mzee Bitaliho.

Baba alidhani anawasifia tu wanawake wetu kwa kusiriba vizuri. Alijaa furaha. "Ah, asante sana mzee. Wameshinda juani jana kwa ajili yenu."

"Tumeuona wote. Wengine huweka vijiti mezani, tukavihesabu kimyakimya. Ninyi mmeweka ukutani, kumi na mbili, na mpita njia naye asome."

Nadhani Baba hakulisikia vizuri hilo la vijiti, vile vya kuhesabia ng'ombe wa mahari, kwa sababu kuku walikuwa wanapigana mlangoni. "Si mmependa lakini?"

"Na hampunguzi?"

"Tupunguze kwa nini, mzee? Tulitaka kuendelea hadi upande wa jikoni, udongo ndio ulituishia."

Nilisikia kiti kikikwaruza chini. "Muendelee hadi jikoni!" Mzee Bitaliho alikuwa amesimama. "Ndugu zangu, twendeni. Kijana wetu anaranda mbao, hajarithi ufalme." Wakatoka kwa adabu yote, wakashukuru kwa viti, wakaaga hadi watoto, wakachukua baiskeli zao. Baba alibaki katikati ya chumba mikono imening'inia, anauliza, "Nimesema nini? Jamani, nimesema nini?"

Mimi nilikuwa naruka. Dawa imefanya kazi! Siyo kwa njia niliyoipanga, lakini imefanya. Nikazunguka nyuma ya jiko kumtafuta Joselina nimpe habari.

"Dada! Wameondoka! Huendi tena!"

Joselina alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholala, amevaa gauni lake la bluu, na uso wake wote ulikuwa umelowa. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Huyu ndiye aliyekuwa anashuka mteremko bila breki.

"Filbert atafikiri nimepandishwa bei kama bidhaa sokoni," alisema. "Atafikiri mimi ndiye niliyetaka."

Nikakaa chini kwenye majivu. "Kwani unataka kwenda?"

"Nataka."

"Kwa Filbert?"

"Kwa Filbert, ndiyo. Si nimekuambia jinsi anavyocheka?"

"Hata kama sisi tungekuwa na ng'ombe?"

Akaniangalia, akaangalia mkaa kwenye vidole vyangu, na taratibu akaelewa. Hakunigombeza. Alinivuta akaniweka kifuani, na gauni la bluu likaharibika pale pale. "Mdogo wangu," alisema kwenye nywele zangu, "hata tungekuwa na zizi linalofika Kibondo."

Sikumbuki nilivyofika njiani. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa mbele yao, nimetanua mikono, na wao walikuwa wameshafika kule juu wanataka kupanda baiskeli.

"Ni mmoja!" nilipiga kelele. "Ng'ombe ni mmoja! Anatembea!"

"Mtoto, tupishe," alisema Mzee Bitaliho.

"Nimemchora mimi! Mzee, siyo kumi na mbili, ni huyohuyo! Hapa ameinua mguu, hapa ameushusha. Panda baiskeli ushuke mbio utamwona!"

Mmoja wa baba wadogo akaanza kucheka. Mzee Bitaliho hakucheka. "Nipande baiskeli mbele ya ukweni? Titye nitarudi na sura gani?"

Hapo ndipo Bibi alipofika, anahema, kanga imemtoka kichwani. Alikuwa amesikia. Akajishika kiuno.

"Ukweni kwa nani?" alisema. "Si mmeaga? Si mmekataa? Hapa sasa ni njia tu ya watu, na wewe ni mpita njia. Panda, mpita njia."

Wale baba wadogo wakashikana mabega kwa kicheko. Mzee Bitaliho alimwangalia Bibi. Akaitoa kofia akampa mwenzake, akapanda.

Mara ya kwanza aliogopa mteremko, akabana breki njia nzima. "Ni wengi!" alipiga kelele kutoka chini. "Ni walewale wengi!"

"Achia breki!" nilimjibu. "Kanyaga, mzee! Ukienda polepole wanakuwa wengi! Ukienda mbio anakuwa mmoja!"

Akairudisha juu, anasukuma, jasho linamtoka. Watu walikuwa wameshaanza kusimama, majirani waliotoka kanisani, Baba na Mama uani, Joselina na gauni lake lenye vidole vyangu. Akapanda tena. Safari hii aliachia. Koti likajaa upepo likawa kama hema, baiskeli ikalia kama bata, na yeye uso wote kaugeuzia kwetu. Mimi sikupumua. Kama mwanya mmoja ungekosea, kama mguu mmoja ungeruka, Joselina angerudi kukaa juu ya kile kinu.

"Anatembea!" Ilikuwa sauti ya mtoto ikitoka kwenye koti la mzee. "Anatembea! Eeh bwana, anatembea huyu, anatikisa kichwa! Mama yangu, anaingia kwa watu!"

Aliingia kwenye majani ya chini, akaanguka taratibu upande, akainuka na nyasi begani. Hakujipangusa. Alishika usukani akaanza kuja, na nikaona haipandi tena. Anaisukuma. Taratibu kabisa, macho chini, kwa heshima yote, mpaka mlangoni kwetu.

"Mwakeye," alisema kwa mara ya pili siku hiyo.

Baba mwenyewe ilibidi apande aone. Na wale baba wadogo. Na padri aliyekuwa anapita, na Mama aliyepakiwa kwenye keria, ambaye alipofika chini alikuwa analia na kucheka na bado ananiahidi fimbo. Walipokaa tena ndani, Mzee Bitaliho alijaribu bahati yake. "Sasa kama ukutani ni mmoja," alisema, "nasi si tulete mmoja?" Bibi akamjibu kutoka mlangoni, "Huyo mmoja ni wetu, na umeona ni mzima. Wa kwenu tunawasubiri." Walicheka mpaka viti vikalia. Mtu aliyecheka hivyo hawezi kubishana sana, na kabla ya chakula kupoa waliafikiana.

Najua sasa jina la kile nilichokifanya, maana nimeangalia video nyingi za watu wanaofundisha kazi hii mtandaoni, nikitumia bando la usiku. Shule yangu iliishia kidato cha nne na matokeo ambayo hatuyataji. Lakini nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba filamu nzima za katuni ni picha zilizotulia zinazopita mbio mbele ya jicho, sikushangaa hata kidogo. Nilisema, ala, kumbe na hawa wana mabanzi! Mwaka huu filamu yangu fupi ya udongo ilionyeshwa Dar es Salaam, kwenye ukumbi wenye viti laini. Taa zilipowashwa watu walisimama wakapiga makofi, nami nikageuka nyuma nione nani kaingia. Kijana mmoja mwenye miwani akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia Kasulu, kwenye mteremko. Akaandika. Sasa nina kazi ya mwaka mzima mbele yangu, na nina wasichana wawili wa hapa Kibondo ninaowafundisha kusogeza mguu wa mbuzi. Naota makubwa zaidi, nawaambia ukweli. Naota ukumbi wetu wenyewe, huku huku Kibondo, viti laini na vyote.

Ila mkiniuliza kazi yangu ya kwanza ilikuwa ipi, siyo hiyo ya Dar. Baada ya harusi, Mzee Bitaliho alituma ujumbe kwa Baba kwamba Titye wanahitaji fundi. Baba akauliza fundi gani. Akajibiwa, yule wa ng'ombe. Meno yangu yalikuwa bado hayajaota, na nilikuwa nimeshaitwa fundi.

Nilipakiwa kwenye keria hadi Titye, na mkaa wangu kwenye mfuko wa sukari. Filbert alikuwa ameshajenga ua mbele ya nyumba yao, mbao zimerandwa, mianya imepimwa sawasawa kwa rula, kazi ya seremala kweli. Joselina alikuwa ameusiriba ukuta mwenyewe. Alinikimbilia na udongo hadi kwenye viwiko, akaninyanyua, akanizungusha.

"Haya fundi. Unachora ng'ombe?"

"Sichori ng'ombe. Nachora wewe."

"Nafanya nini?"

"Unakuja kwetu."

Akaenda kuniletea kigoda cha kukanyagia. Nilimchora siku nzima, gauni lake, kikapu kichwani, mkono mmoja unapunga, mguu huu mbele, mguu huu nyuma. Jioni watoto wote wa Titye walikuja na baiskeli za baba zao wakapanga foleni. Wakaanza kushuka mmoja mmoja, wakipiga kelele, "Anakuja! Anakuja huyo!" na Joselina akisimama mlangoni kwake akijiangalia anavyokuja kwetu, anacheka, ameshika mdomo.

Mtoto mmoja mjanja akasema atajaribu kupita akitokea ule upande mwingine wa njia, aone itakuwaje. Nilimwahi nikamshika usukani. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani, nilijua akitokea kule dada yangu ataonekana anaondoka kwetu kinyumenyume. Nikamwambia kwa upande ule baiskeli haziruhusiwi, amri ya fundi, na nikakaa pale kulinda njia mpaka giza likaingia.